Buibui wa karatasi anayesimama: namna ya kumtengeneza na watoto wa chekechea

Mwalimu kijana anayefundisha chekechea mtaa wa pili kutoka kwangu alinijia jioni moja amebeba kikapu. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, karibu.” Akakaa barazani, akatoa buibui wa karatasi mmoja mmoja na kuwapanga sakafuni. Walikuwa 17, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Mingine miguu imetepeta kama mchicha uliopigwa na jua, mingine imejiviringa kama mkeka. “Mama, asubuhi yangu yote imeishia hapa, na watoto wawili wamelia.”

Nilimwelewa sana, maana mimi nilianza hivyo hivyo. Nafundisha watoto wa miaka 4 hadi 6 hapa Tanga, na kila mwaka tunatengeneza buibui. Tuliketi naye mpaka adhana ya isha, tukamtengeneza mmoja tangu mwanzo. Haya ndiyo niliyomwonyesha.

Vitu vya kuwa navyo

Karatasi za A4 kwa ajili ya miguu, karatasi nzito kwa ajili ya mwili, kalamu za nta, mkasi, rula, gundi na uzi wa cherehani. Karatasi nzito si lazima ununue manila. Kalenda ya mwaka jana inafaa sana, na boksi la biskuti pia. Kwa miguu natumia karatasi za mitihani ya zamani zilizochapwa upande mmoja, ambazo kila shule inazo.

Manila kwa miguu, hapana. Nimeshaijaribu. Kidole cha mtoto wa miaka 4 hakina nguvu ya kuikunja ikashika mkunjo, atabonyeza mpaka achoke na karatasi itajifungua tena.

Hatua ya 1: Mtazameni buibui mwenyewe

Kwetu pwani neno buibui lina maana mbili, mdudu na lile vazi jeusi la akina mama. Ukiwaambia watoto “leo tunatengeneza buibui”, wapo watakaomfikiria bibi anapokwenda harusini. Kwa hiyo tokeni nje kwanza. Pembe ya baraza, nyuma ya mlango wa choo, chini ya paa la jiko, hakosekani. Watazame kwa macho tu, mikono nyuma.

Waonyeshe mambo mawili. Mwili wake una vipande viwili, mdogo mbele na mkubwa nyuma. Na miguu yote minane imetoka kwenye kile kipande cha mbele. Kwenye tumbo hakuna hata mmoja. Hili nalisisitiza kwa sababu vielelezo vingi vinavyozunguka humbandika buibui miguu tumboni, au humpa miguu sita kama mende, au humwekea vipapasio kichwani. Buibui hana vipapasio na hana mbawa. Mtoto akishamwona kwa macho yake, yeye mwenyewe ndiye atakayekusahihisha.

Waliokwishaanza chuo cha Kurani watakusimulia kisa cha pango la Thaur, buibui alivyotanda utando mlangoni Mtume na Abubakar walipokuwa wamejificha ndani wakati wa Hijra. Waachie nafasi wasimulie. Darasa langu hutulia kabisa wakati huo, na baada ya hapo hakuna anayetaka kumkanyaga buibui.

Hatua ya 2: Mwili

Duara dogo lichorwe kwa mdomo wa kikombe cha chai, kama sentimita 8. Duara kubwa kwa bakuli dogo la supu, kama sentimita 12. Kata, paka rangi juu, bandika dogo lipande kidogo juu ya kubwa. Basi.

Hatua ya 3: Vipande vya miguu

Hivi vikate wewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Watoto wa umri huu wakikata vipande nane virefu, somo lote litaishia kwenye mkasi.

Piga mistari ya upana wa sentimita 1.5 sambamba na ule upande mfupi wa A4. Utapata vipande 19. Kisha kata kila kimoja katikati, ubaki na miguu 38 yenye urefu wa sentimita 10 na nusu. Karatasi moja inatosha buibui wanne na miguu sita ya akiba. Kwa watoto 35 unahitaji karatasi 8, na akiba ya miguu 24 itakayokusaidia sana, maana ipo itakayochanika na ipo itakayoliwa.

Hapo pa kukata katikati ndipo nilipokosea miaka ya nyuma, na mwalimu wangu wa jioni ile naye kakosea papo hapo. Tulitumia kipande kizima cha sentimita 21, kwa kuwa miguu mirefu inapendeza. Lakini hebu hesabu. Ukikunja kila baada ya sentimita 2, mguu mmoja una mikunjo 10, na buibui mmoja ana mikunjo 80. Mtoto wa miaka 4 hamalizi mikunjo 80. Kwenye mguu wa tatu anaanza kulala mezani, kwenye wa tano analia. Mguu mfupi una mikunjo minne, jumla 32, na hiyo wanaimaliza wakiwa bado wana hamu.

Hatua ya 4: Kukunja marinda

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mguu unakunjwa marinda, mbele na nyuma, kama sketi ya shule. Marinda ndiyo yanayoufanya mguu uwe na nguvu ya kujinyoosha na kurudi, na ndiyo yanayomsimamisha buibui. Mkunjo ukienda upande mmoja tu kila mara, huna marinda, una karatasi iliyoviringwa. Buibui wa mwalimu yule waliojiviringa walikuwa na kosa hilo, na halikuwa kosa la watoto. Yeye aliwaambia “kunja, kunja, kunja”, wakakunja. Kazi ya kugeuza karatasi kila baada ya mkunjo sisi wakubwa tunaifanya bila kufikiri, tukasahau kuitaja.

Nilijaribu njia nyingi za kufundisha kugeuza. Nilichora mistari ya nukta, nikawashika mikono mmoja mmoja, watoto 30 na zaidi, mpaka kengele ikalia nikiwa nimefika mstari wa pili wa madawati. Kilichokuja kunisaidia ni rangi.

Mpe mtoto kipande akipake rangi upande mmoja tu. Kama karatasi ni ya mtihani wa zamani, apake ule upande wenye maandishi. Upande wa pili ubaki mweupe. Sasa akiweke mezani, rangi juu. Anakunja ncha, upana wa vidole viwili vyake. Anageuza. Kile kipande kirefu kilichobaki sasa kinaonyesha nini? Weupe. Anakunja tena, anageuza, kinaonyesha rangi. Kabla ya kila mkunjo anatazama kipande kilichobaki na kusema kwa sauti: “Rangi!” kunja, geuza, “Nyeupe!” kunja, geuza, “Rangi!” Akiona rangi mara mbili mfululizo, amesahau kugeuza. Atajua mwenyewe bila kukuita. Darasa zima likisema pamoja kunakuwa na mdundo, na mimi huwa napiga makofi kwenye “geuza”.

Mambo matatu ya kuangalia hapa.

La kwanza, kila mkunjo ukandamizwe kwa ukucha wa kidole gumba, mara mbili. Kiganja hakitoshi. Mkunjo ambao haukukandamizwa ni mviringo tu.

La pili, rangi ya kalamu za nta ina mafuta, na gundi ya maji haishiki juu ya nta. Kwa hiyo ile ncha ya mwisho ya mguu, sentimita 2, isipakwe rangi kabisa. Mimi huipiga mstari wa penseli na kuwaambia hapo ni mlangoni, rangi haiingii. Mtoto mmoja mwaka juzi alibandika mguu uleule mara nne, kila ukikauka unadondoka, na mimi nikidhani gundi imeharibika. Nilikuja kugeuza mguu nikauona umepakwa rangi ya kahawia mpaka ukingoni, nzito, imeng'aa.

La tatu, aanze kukunja kutoka ncha yenye rangi, yaani unyayo, amalizie kwenye ncha nyeupe. Akianzia kwenye nyeupe ataifunika ndani na hamtakuwa na pa kupaka gundi.

Na tafadhali usimkunjie. Najua mkono unawasha ukimwona anahangaika. Msaidie mguu wa kwanza, mkunje pamoja, vidole vyako juu ya vyake. Mingine saba ni yake. Marinda yake yatakuwa moja jembamba, moja pana, na buibui atasimama vilevile.

Hatua ya 5: Gundi

Natumia uji wa unga wa ngano na sibadilishi. Supaglu isikanyage chekechea. Gundi nyeupe ya dukani ni nzuri, ila kwa watoto 35 inaisha siku moja, na vidole vyao vinakwenda mdomoni kila dakika.

Unga vijiko 3 vya chakula, maji kikombe kimoja. Koroga unga na maji kidogo ya baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye maji yaliyobaki yakiwa yanachemka, koroga mpaka uive. Uwe mzito kama mtindi. Uji mwepesi ndio uliotepetesha miguu ya wale buibui wengine kati ya wale 17: maji yalipanda kwenye karatasi, mikunjo ikalegea, ikakauka ikiwa imenyooka. Pika asubuhi, utumie ukiwa umepoa, na kesho upike mwingine, kwa joto letu unachacha.

Hatua ya 6: Kubandika miguu

Geuza mwili chali. Kwenye duara dogo weka nukta nne kila upande kwa penseli. Watoto hupotea wakihesabu nane kwa mkupuo, lakini nne mkono wa kulia na nne mkono wa kushoto wanaziweza. Gundi ni kwenye ile ncha nyeupe tu, kwa kidole kimoja, isipite mkunjo. Bandika huku ule upande wenye rangi ukiangalia mwili.

Mkunjo wa mwisho ukae nje kidogo ya ukingo wa duara. Ukifichwa chini ya mwili, mguu hauchezi. Wabonyeze huku wakihesabu mpaka ishirini, kisha waache wakauke wakiwa vilevile chali. Sisi tunakwenda kunywa uji, tukirudi wako tayari. Wageuze, vuta kila mguu kidogo chini, na atasimama.

Hatua ya 7: Macho

Buibui wengi wana macho manane. Watoto wangu wengi huweka mawili makubwa na siwakatazi, kwa sababu buibui warukaji wana mawili makubwa mbele na mengine madogo pembeni. Mmoja wao anaishi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, anaitwa Evarcha culicivora, na anapenda kuwinda mbu walioshiba damu. Waambie hilo wakati wanachora macho. Hakuna mtoto asiyemjua mbu.

Hatua ya 8: Uzi

Utando wa buibui hutoka mwisho wa tumbo, kwa hiyo uzi ubandikwe hapo, kwenye ncha ya nyuma ya duara kubwa. Kipande cha selotepu kinatosha. Ukiufunga kichwani au katikati ya mgongo atakuwa taa ya dari. Akining'inia kichwa chini, miguu inajivuta kwa uzito wake, na upepo ukipita dirishani inacheza yote minane.

Msiwaweke kabatini au kwenye boksi, mende wanakula gundi ya uji na watakula na miguu pia. Wakati wa masika hewa ikiwa na unyevu marinda yatalegea. Mshushe buibui, yakunje upya kwa kufuata mistari ileile, umwanike juani nusu saa, umrudishe juu.