Kuvusha Ishara ya Rimoti Hadi Chumba cha Ndani katika Nyumba ya Mawe

Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa karibu nusu mita. Televisheni iko msana wa mbele, yaani ukumbi wa mbele, ambako upepo wa bahari huingia mchana kutwa, lakini amplifaya na king'amuzi nimeviweka chumba cha ndani, katika kabati la mbao, kwa sababu hewa ya chumvi huvila vyombo vya umeme kabla ya wakati wake. Mpango huo ulivihifadhi vyombo, ila ulimsumbua mama yangu: kila adhana ilipoanza alilazimika kuinuka na kwenda ndani ili apunguze sauti. Rimoti aliyokuwa nayo mkononi haikumfaa, kwa maana mwanga wa infraredi hauvuki ukuta. Waya huvuka, na kazi ya kuuvusha inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira, bila kutoboa jiwe hata moja.

Kwanza inafaa kufahamu kinachovushwa. Rimoti ni kijitaa ambacho mwanga wake, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 940, hauonekani kwa macho ya binadamu. Kijitaa hicho hakiwaki mfululizo, bali humemeteka karibu mara 38,000 kwa sekunde, kwa vipindi vifupi vinavyotenganishwa na kimya, na mpangilio wa vipindi hivyo ndio amri yenyewe. Katika mfumo wa NEC, ambao ni miongoni mwa mifumo inayotumika sana, kila amri hutanguliwa na kipindi cha milisekunde 9 za mwanga na milisekunde 4.5 za kimya. Jicho la chombo hutafuta mmemeteko huo na kupuuza mwanga mwingine wote, na ndiyo sababu jua na taa za chumbani haziwashi televisheni zenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilinunua jicho tupu, lile lenye miguu mitatu, na kijitaa kimoja cha infraredi, nikaviunganisha kwa waya mrefu moja kwa moja. Kamera ya simu ilinionyesha kijitaa kikimweka kila rimoti ilipobonyezwa, lakini amplifaya haikuitika, nami nikashinda jioni nzima nikitafuta waya uliokatika, kumbe zote zilikuwa nzima. Jicho la aina hiyo huuondoa mmemeteko wa mara 38,000 na kutoa umbo la vipindi peke yake, kwa hiyo amplifaya ilikuwa ikiona mwanga usiomemeteka, ikaupuuza kama inavyopuuza jua. Anayetaka kujitengenezea mtambo wake lazima aurudishe mmemeteko huo, kwa mfano kwa saketi ya 555, yaani chipu ndogo ya kutoa mapigo ya umeme, iliyorekebishwa hadi kilohezi 38, pamoja na transista ya kusukuma kijitaa. Kwa wasio na uzoefu wa saketi nashauri wanunue seti iliyokwisha kutengenezwa, kwani haina gharama kubwa na kazi hiyo imo ndani yake tayari.

Seti huwa na sehemu tatu: jicho la kupokea, kisanduku cha kuunganishia, na vijitaa viwili au zaidi vyenye nyaya nyembamba. Nyingine hutumia volti 5, hata chaji ya simu huzitosha, na nyingine hutumia volti 12. Soma maandishi yaliyo kwenye kisanduku, wala usichanganye chaji ya moja na ya nyingine. Kisanduku kikae karibu na vyombo, vijitaa vibaki na nyaya zao fupi, na kinachorefushwa kiwe waya wa jicho.

Pima njia kwa kamba kabla ya kununua waya. Mimi nilidhani mita 8 zingetosha, lakini kamba ilipofuata kona zote na kupanda juu ya milango miwili nilipata mita 14. Waya unaofaa ni ule wa intaneti wenye jozi nne, kwa sharti uwe wa shaba tupu. Kwangwa ncha yake kwa kisu: ukiona weupe wa alumini chini ya ngozi ya shaba, urudishe dukani, kwa kuwa waya huo hukatika ukikunjwa mara chache na haushiki risasi ya kulehemu vizuri. Waya wa shaba wa unene wa kawaida una ukinzani wa kama omu 9 kwa kila mita 100, na jicho hutumia umeme mdogo sana, hivyo mita 14 si kitu.

Usirefushe waya wa jicho kabla hujajua kila uzi unafanya kazi gani. Nyuzi huwa tatu, yaani chanya, hasi na ishara, na rangi zake hutofautiana kati ya seti na seti. Kata katikati ya waya, si karibu na plagi, ili kila upande ubaki na mkia wa kushikika. Kisha tumia mita ya kupimia umeme kujua ni uzi upi unaofika kwenye sehemu ipi ya plagi, uandike karatasini. Katika waya mrefu, nilitumia uzi wa rangi ya chungwa kwa chanya na uzi wa kijani kwa ishara, na wenzao wenye milia myeupe wote wawili nikawapa hasi. Ishara ikisafiri huku imesokotana na hasi, haidaki kelele nyingi za umeme njiani.

Sasa viungo, ambavyo kwetu pwani vinahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Kiungo cha kusokota na kuzungushia tepu hakifai Lamu. Nilikifungua kimoja baada ya msimu mmoja wa kusi nikakuta gundi ya tepu imekuwa kama asali, na shaba chini yake imeota unga wa kijani uliotoka kwa ukucha. Vua nyuzi ziking'aa, zisokote, zilehemu kwa risasi mpaka iingie katikati ya nyuzi badala ya kukaa juu kama tone, kisha kivike kila kiungo mpira wake wa kubana kwa joto, na mpira mmoja mkubwa juu ya vyote. Mpira huo uingizwe kwenye waya kabla ya kulehemu. Ukisahau, hakuna njia ila kuanza upya.

Njia ya waya ifuate mbao. Juu ya fremu ya mlango na kando ya boriti pana nafasi ya kutosha, na waya unaweza kufungwa kwa uzi wa nailoni bila msumari wowote. Msumari katika lipu ya chokaa hutoa kipande kikubwa kuliko ulivyotarajia, na wengi hukiziba kwa saruji, ambayo haipumui pamoja na chokaa na baadaye huchomoka pamoja na lipu zaidi. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mwenye kufikiria kutoboa ukuta au kugusa zidaka zilizonakshiwa aanze kwa kuuliza watu wa uhifadhi. Kwa waya wa rimoti, sijaona haja hiyo hata mara moja. Uweke mbali na nyaya za umeme wa volti 240, kadiri ya shubiri moja na nusu, na zikikutana lazima zikatane kama msalaba, zisiandamane.

Vijitaa navyo vinahitaji mahali pake hasa. Mulika tochi kwenye uso wa amplifaya kwa mshazari, utaona jicho kama duara dogo nyuma ya plastiki nyeusi. Futa hapo kwa spiriti na ubandike kijitaa kwa tepu ya muda kwanza. Simama karibu nacho na mwache mwenzako abonyeze rimoti msanani. Sisi tulikuwa tukiitana kupitia milango: "Mama, bonyeza tena!" "Nimebonyeza, mwanangu!" huku nikikisogeza kijitaa milimita mbili kila mara mpaka sauti ikashuka kila alipobonyeza. Ndipo nilipokibandika kwa gundi yake. Ukitaka kujua kama kijitaa kinawaka, kitazame kwa kamera ya mbele ya simu, kwa kuwa ya nyuma mara nyingi ina kichujio cha infraredi. Utaona nukta ya zambarau hafifu.

Jicho la kupokea liwekwe chini ya televisheni, lisielekee dirisha. Mji wetu unatazama mashariki, upande wa Manda, na jua la asubuhi likiingia moja kwa moja hulemea jicho mpaka rimoti ifanye kazi kwa hatua mbili tu. Kivuli kidogo cha ubao mwembamba juu yake hutosha. Baadhi ya taa za LED pia huleta kelele: ikiwa taa ya alama iliyo kwenye kisanduku inamweka yenyewe bila mtu kugusa rimoti, zima taa moja moja hadi uijue yenye makosa. Ikiwa alama hiyo inamweka bila kukoma hata gizani, angalia kama mwanga wa vijitaa unarudi kwenye jicho, jambo linaloweza kutokea pale vyombo na jicho viko chumba kimoja. Funika migongo ya vijitaa kwa tepu nyeusi.

Acha waya wa ziada wa mita moja nyuma ya kabati, na uandike kwenye kipande cha tepu rangi na kazi ya kila uzi, ukibandike ndani ya mlango wa kabati. Kusi ikiisha, chomoa plagi ya jicho, ifute kwa spiriti, uirudishe.