Kabla ya kutenga mwezi katika tarehe, rekebisha saa ya eneo

Anayeandaa ripoti ya mauzo ya kila mwezi kwa duka la Goma au Lubumbashi, huku hifadhidata ikitunza na kusoma saa kwa UTC (saa ya marejeo ya kimataifa), asitenge mwezi kabla ya kuibadilisha saa hiyo iwe ya kwetu, kwa sababu mashariki mwa Kongo tuko mbele ya UTC kwa saa 2, ilhali Kinshasa iko mbele kwa saa 1 tu. Malipo yaliyopokelewa Goma saa sita na nusu usiku, tarehe 1 Machi 2025, yamehifadhiwa kama 2025-02-28 22:30, na ombi la data (query) lisilozingatia jambo hilo litayahesabu katika Februari. Katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ikiwa safu ya saa za malipo (hapa saa_malipo) ni ya aina ya timestamptz, yaani tarehe na saa inayozingatia eneo la saa, tenga mwezi kwa EXTRACT hivi:

EXTRACT(MONTH FROM saa_malipo AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi')

Jina hilo la eneo linafaa pia kwa Goma na Bukavu. Unapopanga makundi, tenga na mwaka vilevile, la sivyo Machi ya 2024 na ya 2025 zitajumlishwa pamoja.

Kwa kuchuja, hata hivyo, napendelea mipaka ya tarehe:

saa_malipo >= '2025-03-01 00:00+02' AND saa_malipo < '2025-04-01 00:00+02'

Safu ikiachwa peke yake upande wa kushoto wa ulinganisho, bila kuzungushiwa EXTRACT, faharasa yake ya kawaida (index, orodha inayoharakisha utafutaji) huweza kutumika, na kwenye jedwali lenye mamilioni ya mistari tofauti ya kasi huonekana wazi. Usitumie BETWEEN (“kati ya”) kwa mipaka hiyo hapa, maana hujumuisha mpaka wa mwisho, na malipo ya saa sita kamili usiku wa kuamkia 1 Aprili yataingia katika Machi.