Igizo dhima kwa ugomvi wa maji ya mfongo: namna ya kuliendesha

Wakati wa kiangazi maji ya mifongo (mifereji ya kumwagilia mashamba) ya Kibosho, Uru na Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hupungua, na zamu ya kumwagilia migomba hugeuka kesi. Kwenye kikao cha kamati ya mfongo kila mtu huja na hoja aliyokwisha kuinoa. Igizo dhima, yaani kuigiza ukiwa katika nafasi ya mtu mwingine, lifanyike siku chache kabla ya kikao hicho, ili kila upande uwe umeshayasema malalamiko ya upande wa pili kwa kinywa chake wenyewe.

Watu 12 hadi 20 wanatosha. Wakizidi, nusu yao hawapati zamu. Tengeni dakika 90, mwezeshaji asiye na shamba kwenye mfongo huo, na msaidizi wa kuangalia saa na nyuso za watu. Viti vikae nusu duara. Vifaa ni kitenge kimoja, kofia moja na khanga moja. Majembe na mapanga yabaki nje. Khanga iliyokunjwa inatosha kuwa jembe, kwa kuwa hasira ya kuigiza hugeuka ya kweli upesi.

Msiigize kesi yenyewe. Tungeni kijiji cha kubuni chenye jirani wa juu, jirani wa chini na mpita njia mmoja. Majina ya ukoo kama Mushi, Lyimo na Massawe msiyaguse; lazima mmoja wao amekaa hapo.

Anzeni na sanamu kwa dakika 10: wawili wawili, mmoja aupange mwili wa mwenzake uoneshe mtu aliyenyimwa maji, bila neno. Anayeanza na maneno huanza na hotuba.

Kisha igizo la dakika 3 hadi 5, na liishe vibaya, kwa matusi na mfereji kubomolewa. Likiisha kwa kupeana mikono, watazamaji hawana cha kurekebisha. Lirudieni tangu mwanzo, safari hii yeyote aweze kusema “Simama!”, achukue nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Mtindo huu Augusto Boal wa Brazili aliukuza akiwa Peru mwaka 1973. Waigizaji wengine wasimrahisishie: jirani wa juu akaze mpaka apewe sababu ya kulegea. Mtu akileta miujiza, mara mvua imenyesha, mara mfadhili amechimba kisima, waulizeni waliokaa: “Hili linawezekana huku kwetu?” Watamrudisha kitini wenyewe.

Baada ya majaribio matatu hivi, wenye mashamba ya juu wacheze wa chini, na wa chini wacheze wa juu. Hapa msiharakishe, tumieni hata dakika 20. Kila mmoja arudie kwanza sentensi ya mwisho ya mwenzake neno kwa neno, ndipo aendelee. Ikirukwa hiyo, mtu humkejeli jirani yake kwa sauti ya puani na watu hucheka. Msimamishe, umuulize maswali ya shambani: jana usiku umelala saa ngapi? Migomba mingapi inakungoja? Akijibu hayo, kejeli huisha yenyewe. Mwishoni uliza, “Ulipokuwa yeye, ulitamani kusikia nini?” Nani mwenye makosa ni swali la kamati.

Kijana akimwigiza mzee mbele ya wazee, ruhusa iombwe kwanza, baada ya shikamoo. Mzee akitaka kuingia mwenyewe, mpisheni, na asisimamishwe kwa kelele. Msaidizi apige makofi mawili.

Dakika 15 za mwisho ni za kuvua uhusika. Kila mwigizaji arudishe kitenge au kofia, ataje jina lake halisi na jambo moja linalomtofautisha na mhusika wake. Hatua hii ndiyo hurukwa watu wakiwahi daladala, na aliyecheza mwizi wa maji huitwa hivyo hivyo sokoni Kiboriloni mwezi mzima. Makubaliano yasiandikwe hapo. Msaidizi aandike tu sentensi mbili tatu zilizomlegeza jirani wa juu, bila majina, na kuzipeleka kwenye kamati.

Mtu akilia au akiganda, igizo lisimame, msaidizi atoke naye nje, na asirudishwe kucheza siku hiyo. Aliyepigwa asikutanishwe na aliyempiga kwa kisingizio cha igizo. Hilo ni la Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au afisa ustawi wa jamii; akiwa mtoto, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto.