Namna ya Kuipa Safari ya Nyotani Sababu
Kabla hujaandika hadithi ya kubuni ya kisayansi, keti ufukweni Bagamoyo ujiulize kwa nini majahazi yaliungoja upepo wa kaskazi na kusi. Biashara ilitosha kuwa sababu, kwa kuwa safari ilikuwa ya majuma, si ya vizazi. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka nuru 4.2 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na chombo cha anga cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na kinachokwenda takribani kilomita 17 kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza mwendo huo. Basi usiwatume wahusika wako kufuata dhahabu, ambayo, nionavyo, hailipi hata nauli. Wape jua linalozeeka, au imani inayowakataza kubaki. Kisha amua nani ataachwa pwani.