Namna ya kuichambua karata ya poka kwa kuhesabu wigo wa mpinzani

Mchezo ukiisha, mchezaji mgeni huuliza, "Yule alikuwa na nini?" Swali hilo humpotosha, kwa kuwa humfanya abahatishe karata moja tu. Mnunuzi wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akiletewa gunia lililokwisha kushonwa, haoni kilichomo chini, lakini anakumbuka magunia mangapi ya mchuuzi yule yaliwahi kukutwa na mchanga, na bei yake huitoa kwa hesabu hiyo. Mpinzani naye apewe wigo, yaani karata zote ambazo angezicheza jinsi alivyocheza.

Nitumie mfano wa Jumamosi moja barazani, tulipocheza kwa vifuniko vya soda huku karata za mezani tumezigandamiza kwa vijiwe kwa sababu ya upepo wa ziwani. Katika poka hii kila mmoja hushika karata mbili za siri, na tano za wote hufunguliwa mezani: tatu kwanza, kisha ya nne, kisha ya tano; mwenye mkono bora wa karata tano hushinda. Nilishika ree ya shupaza na jeki ya uru. Nilipandisha dau, jirani yangu akafuata. Zikafunguliwa jeki ya kopa, nane ya kopa na nne ya pau. Nikaweka dau, akafuata tena. Karata ya nne ikawa mbili ya shupaza. Mezani palikuwa na vifuniko 40, naye akasukuma 40 vyote alivyobaki navyo.

Kwanza tafuta bei. Nilitakiwa kulipa 40 ili fungu lifike 120, kwa hiyo nilihitaji kushinda angalau mara moja katika tatu, yaani asilimia 33.3.

Kisha jenga wigo kuanzia dau la kwanza, wala usirudishe baadaye karata uliyokwisha kuiondoa. Mbili mbili ningezihofia, lakini huyu angezitupa zilipofunguliwa karata tatu za kwanza. Watatu wa aina moja, yaani karata mbili zinazofanana mkononi na ya tatu mezani, wanabaki: nane nane zinapatikana kwa namna 3, nne nne kwa namna 3, na jeki jeki kwa namna 1 tu, kwa sababu jeki moja ninayo mimi na nyingine iko mezani. Jumla ni 7. Wengi husahau kupunguza karata wanazoziona, na hapo ndipo hesabu huharibika. Mfalme na jeki, yaani jozi ya jeki kama yangu lakini pasipo ree, zinapatikana kwa namna 8. Halafu kuna wenye kopa mbili mkononi, wanaosubiri kopa moja zaidi ili zitimie tano. Nilimpa namna 6: ree na mfalme, ree na malkia, mfalme na malkia, mfalme na kumi, malkia na kumi, kumi na tisa, zote za kopa.

Sasa pima kila kundi kwa karata 44 zilizosalia. Dhidi ya watatu wa aina moja sina hata karata moja ya kuniokoa. Dhidi ya mfalme na jeki, wafalme 3 tu ndio wanaoniumiza, hivyo ninashinda kwa asilimia 93. Wanaosubiri kopa wana karata 12 hadi 15 za kuwafaa, kwa kuwa baadhi yao hushinda pia kwa mfalme, malkia au mfuatano. Kwa wastani nabakiwa na asilimia 69. Ukizidisha kila kundi kwa idadi ya namna zake na kugawanya kwa 21, unapata asilimia 55. Kulipa ni sahihi, tena kwa nafasi kubwa.

Lakini usiishie hapo, maana wigo ni makadirio yako mwenyewe. Ondoa mfalme na jeki zote, kama mpinzani ni mwoga asiyesukuma vyote kwa jozi moja: zinabaki namna 13, nami nashuka hadi asilimia 32, chini kidogo ya bei. Rudisha namna moja tu kati ya zile 8, napanda hadi 36. Kwa hiyo uamuzi wote ulining'inia kwenye swali moja: je, jirani huyu huweza, hata mara mojamoja, kusukuma vifuniko vyote akiwa na mfalme na jeki? Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kwa jozi dhaifu kuliko hiyo, usiku, taa ya chemli ikikaribia kuzimika. Nikalipa.