Kuchagua apu ya kuandikia notsi na kuchora kwenye PDF: angalia kwanza maandishi yako yanakaa wapi

Wadau wa vyuo vya MUST, Mkwawa, RUCU, TEKU, na nyie walimu wetu wa Mufindi, Makete na kwingine mliopewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, swali la apu gani nzuri ya kusomea PDF na kuandikia notsi linaulizwa kila semista ikifunguliwa, na majibu huwa ni majina tu, chukua hii, achana na ile. Mi naomba tuanze na kitu kingine kabisa: ukishaandika, maandishi yako yanakaa wapi?

Kuna apu zinazoandika ndani ya PDF yenyewe. Xodo na Adobe Acrobat Reader ziko hivyo, unafungua hendauti ya lekchara, unahailaiti, unaweka komenti, inasevu kwenye faili lilelile, ukimtumia mwenzako WhatsApp anaiona hata kama yeye anatumia apu tofauti. PDF ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000 tangu 2008, na hailaiti na komenti zimo ndani ya hicho kiwango, ndo maana zinasomeka kwingine. Halafu kuna apu ambazo ni daftari: Samsung Notes, OneNote, GoodNotes, Notability, Squid. Hizi PDF inaingizwa ndani ya daftari lao na kila moja ina namna yake ya kutunza, Samsung Notes kwa mfano ina faili lake la sdocx ambalo ukimtumia mtu mwenye simu ya kampuni nyingine atabaki analiangalia tu. OneNote nayo PDF ukiiweka kama printauti kurasa zinageuka picha. Sisemi ni mbaya, kwa kuandika kwa mkono darasani ni tamu kuliko hao wa kwanza, ila lazima ujue kwamba usipotoa kopi ya PDF mwenyewe basi notsi zako zinaishi kwa hisani ya hiyo apu.

Sasa kabla hujamwaga notsi za semista nzima kwenye apu yoyote ifanyie jaribio, haichukui muda. Tafuta PDF ndefu, kitabu kabisa, sio slaidi nne. Bonyeza neno moja ulishikilie. Likichagulika safi, likikataa ujue hiyo ni karatasi iliyoskaniwa, yaani ni picha, hailaiti haitashika mstari na kutafuta neno haitawezekana, na hapo usiilaumu apu maana past papers na hendauti nyingi tunazorushiana kwenye magrupu ndo zilivyo. Ukipata yenye maandishi ya kweli hailaiti mistari miwili, andika sentensi kwa peni, weka na komenti moja. Funga apu kabisa, zima data na waifai, fungua tena uone kama inafunguka na kila kitu kipo, kwa sababu siku utakayokuwa kwenye basi kati ya Mafinga na Makambako bando limekata ndo utajua apu ipi inategemea intaneti. Baadaye jitumie faili WhatsApp kama dokyumenti, sio picha, ulifungue kwenye simu kwa apu nyingine.

Jaribio la mwisho ni steshenari, na hapa wengi wanaumia. Unapeleka flashi, unaprinti ukurasa mmoja, hailaiti inatoka lakini ulichoandika kwa peni hakipo, au komenti yako ndefu imekuwa kikaratasi kidogo cha njano kisicho na neno hata moja. Dawa ya maandishi ya peni (maneno ya komenti hayatatokea hata hivyo): kwenye tableti bonyeza printi, sehemu ya kuchagua mashine weka kusevu kama PDF, itatengenezwa kopi ambayo maandishi yameungana na ukurasa. Hiyo ndo ya kupeleka. Ile ya mwanzo usiifute maana kwenye hii mpya huwezi tena kufuta wala kurekebisha ulichoandika.

Peni nayo ina maneno. Zile za ncha ya mpira za soko la Mwanjelwa zinaigiza kidole tu, tableti haijui hiki ni kiganja na hii ni peni, ukiegemeza mkono inachora mikwaruzo, kwa hiyo kwa peni hizo usihangaike na apu za daftari, baki na kuhailaiti na kutaipu komenti. Tableti ya Samsung, Galaxy Tab S6 Lite, inakuja na S Pen yake (peni ya Samsung) ndani ya boksi, haihitaji chaji ili iandike, na inashika hata ukiwa na glavu, jambo ambalo watu wa Njombe na Iringa mnalielewa mwezi wa saba. Tab A9 haipokei S Pen, muulize muuzaji vizuri kabla hujatoa hela. Apple Pencil inahitaji chaji, na sio kila Pencil inakubali kila iPad, hakikisha toleo lako.

Kuhusu kulipia, taratibu. Novemba 2021 Notability ilitoka kwenye kununua mara moja ikaenda kwenye malipo ya kila mwaka, watu wakapiga kelele mpaka wakarudishiwa haki zao waliokuwa wameshanunua. Yaani bei na masharti vinabadilika ukiwa katikati ya masomo.

Kwa hiyo mimi nashauri hivi: Android ya kawaida au kishikwambi cha shule, Xodo au Acrobat inatosha kabisa kwa vitabu vya TIE (Taasisi ya Elimu) na mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani). Mwenye S Pen aandike darasani kwa Samsung Notes ila kila wikiendi atoe kopi ya PDF. Mwenye iPad aanze na Notes na Files zilizomo humo, zinaandika kwenye PDF bure, akizidiwa ndo aangalie GoodNotes. Na tengeneza folda mbili, moja ya PDF safi ambazo hazijaguswa, nyingine ya ulizoandika, halafu hiyo ya pili uihamishie kwenye flashi au kompyuta ya rafiki kabla ya UE, yaani mitihani ya chuo ya mwisho wa semista, sio baada ya tableti kudondoka.