Grenda Ndogo ya Mezani: Anza na Jiwe, Mota Baadaye

Mafundi wengi wanaotengeneza grenda huanza na mota iliyopo, labda ya pampu ya maji iliyokufa, kisha wanatafuta jiwe la kuifungia. Kinachopasuka grenda ikikosewa ni jiwe, kwa hiyo hesabu ianzie hapo. Jiwe la kawaida la milimita 150 limeandikwa ubavuni kasi yake ya juu, mara nyingi mita 35 kwa sekunde. Kwa kipenyo hicho ni mizunguko 4,456 kwa dakika. Huo ni mpaka, usiulenge. Mizunguko 2,800 inanoa kila kitu utakachokihitaji nyumbani: vyuma vya kukereza, biti za kutobolea, tindo, tezo za wachongaji wa mpingo na mapanga ya shambani.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mota za fezi moja zinakuja kwa kasi mbili kuu. Ya pampu huzunguka kama 2,850, na iliyo taratibu kama 1,420. Soma kibati chake. Kwa ya 2,850 weka puli mbili zilizo sawa, za milimita 63. Kwa ya 1,420 weka puli ya 125 kwenye mota na ya 63 kwenye shafti, utapata karibu 2,800. Anayepata puli ya 125 na kuifunga kwenye mota ya 2,850 anazungusha jiwe mara 5,650, yaani mita 44 kwa sekunde, nje kabisa ya mpaka wake. Tumia mkanda mwembamba wa V wa aina ya Z, wenye upana wa milimita 10. Mkanda wa aina ya A haupendi puli ya chini ya milimita 75, unapasuka mapema.

Nguvu ya kilowati 0.37, yaani nusu hosi, inatosha jiwe la 150. Mota zenye makaa ya brashi, kama za mashine nyingi za kufulia, ziache. Zisipokuwa na mzigo hupanda kasi bila kikomo cha maana.

Vifaa vingine ni beringi mbili za UCP204 (zenye nyumba yake ya kufungia kwa bolti), shafti ya chuma ya milimita 20 yenye urefu wa 300, bamba la kitako la 300 kwa 200 lenye unene wa 10, vipande viwili vya bomba la mraba la 60 × 60 vya urefu wa 150, flatiba ya 10 ya kuweka juu ya kila bomba, na flatiba ya 50 × 4 ya kukunjia kava. Katikati ya UCP204 iko milimita 33 juu ya kitako chake, na jiwe lina nusu kipenyo cha 75. Ukiifunga moja kwa moja kwenye bamba, jiwe litagusa. Bomba la 60 pamoja na flatiba ya 10 vinapandisha shafti hadi milimita 103, na kava linapata nafasi ya kupita chini.

Chomelea vyote kwanza, acha vipoe, ndipo utoboe matundu ya bolti za M10, yaliyoachana milimita 95. Ukitoboa kabla, joto la kuchomelea litapinda flatiba na beringi zitakaa upande. Na ukilazimika kuchomelea kitu wakati beringi zimeshafungwa, waya wa ethi wa welding ubane kwenye kipande chenyewe unachochomelea. Umeme ukipita ndani ya beringi unatoboa golori vishimo, na kuanzia siku hiyo mashine inanguruma.

Shafti ndiyo sehemu ya kumpelekea mkerezaji mwenye mkono, kama huna lethi. Acha milimita 130 kati ya vituo vya beringi, puli ikae katikati yao. Ncha zote mbili zikerezwe zishuke hadi 16, ili bega linalobaki lizuie flenji ya ndani (flenji ni visahani vinavyobana jiwe pande zote mbili), kisha zikatwe hesi ya M16. Ukisimama mbele ya mashine, jiwe lishuke kuelekea kwako. Ncha ya kulia ichukue hesi ya kawaida na ya kushoto ichukue hesi ya kinyume. Hapo nati zote mbili hujikaza mashine inapowaka. Ukiweka hesi ya kawaida kushoto, nati itajifungua na jiwe litatoka. Kama hakuna wa kukata hesi ya kinyume, ncha ya kushoto ibaki tupu na mashine iwe ya jiwe moja. Sioni aibu yoyote katika grenda ya jiwe moja. Jaribu mota kabla ya kufunga mawe, na ikizunguka kinyume, badilisha ncha za waya wa koili ya kuanzia.

Flenji ndizo zinazodharauliwa zaidi. Washa pana ya dukani haifai, maana inabana karibu na tundu, mahali ambapo jiwe ni dhaifu. Kila jiwe linahitaji flenji mbili zenye kipenyo sawa, kisichopungua theluthi ya jiwe. Kwa la 150 ni milimita 50 au zaidi. Uso wa flenji uchimbwe katikati milimita 1.5 ili ubane kwa ukingo tu. Flenji ya ndani ifungwe imara kwenye shafti, kisha uso wake ukerezwe ikiwa tayari imefungwa hapo. Ukiikereza peke yake ukaja kuifunga, jiwe litayumba pembeni hata ukilirekebisha vipi. Kati ya flenji na jiwe ikae karatasi nene iliyokuja na jiwe. Jiwe lenyewe lazima liingie bila kulazimishwa. Likibana, punguza bushi, kamwe usigonge kwa nyundo. Nati ikaze kwa spana ya kawaida mpaka jiwe lisiteleze, basi.

Kabla ya kulifunga, lining'inize kwa kidole na uligonge taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, pande zote mbili. Jiwe zima hulia wazi. Lenye ufa hutoa sauti ya kufa, na hilo ni la kutupa. Diski za grenda ya mkono zisifungwe hapa, hata kama tundu limekubali.

Kava likunjwe kwa flatiba ile ya 4, kipenyo cha ndani 170, na bamba la 3 pembeni. Bati la kuezekea halizuii kitu. Mwanya wa mbele usizidi robo ya duara, na kutoka usawa wa shafti kwenda juu usizidi digrii 65. Ulimi wa juu uwe milimita 6 kutoka kwenye jiwe, na kiegemeo cha kazi milimita 3. Hivi viwili viwe vya kusogezwa, kwa sababu jiwe huliwa. Mwanya wa kiegemeo ukipanuka, biti huvutwa ndani na kulivunja jiwe, au kidole hufuata.

Mota ikae nyuma, juu ya bamba lenye bawaba na bolti ya kukaza mkanda. Mkanda ukiubonyeza kwa dole gumba ushuke kama milimita 5, na uwe na kava lake. Swichi ya ukutani haitoshi. Weka kontakta yenye vitufe viwili, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi usiku mashine haipaswi kuwaka yenyewe. Mwili wote uunganishwe na waya wa ethi.

Washa mara ya kwanza ukiwa umesimama pembeni, uiache dakika moja kamili. Ikitetemeka, legeza nati na uzungushe jiwe robo duara juu ya flenji, ukaze tena. Ikigoma, ondoa ukingo wa jiwe uliopanda kwa kifaa cha kunyooshea jiwe, chenye almasi au gurudumu la nyota.

Ukanda wetu wa Mtwara na Lindi una mambo mawili ya ziada. La kwanza ni salfa ya mikorosho, unga unaopulizwa kwenye miti hiyo. Vumbi lake hushika moto kwa cheche, na moshi wake unaziba pumzi. Grenda isikae chumba kimoja na mifuko ya salfa wala petroli ya mashine ya kupulizia. La pili ni hewa ya chumvi kwa walio Mikindani na mwambao wa Lindi: paka grisi kwenye hesi na shafti. Jiwe lililolowa upande mmoja huwa zito upande huo, likauke kwanza kabisa.

Tezo na tindo ni za chuma cha kaboni. Zikigeuka rangi ya bluu zimepoteza ugumu, kwa hiyo zichovye majini kila baada ya miguso michache. Biti za HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi) ni kinyume: zinavumilia joto, lakini ukizichovya zikiwa moto sana hupata nyufa za nywele. Aluminiamu na shaba zisiguswe jiwe hili, zinaziba matundu yake na kulichemsha. Jiwe likiliwa hadi 110, kasi ya ukingo inashuka kutoka mita 22 hadi 16 kwa sekunde na kazi inakuwa nzito. Nunua jingine. Usibadilishe puli kuliongezea mwendo, kwani siku ya kufunga jiwe jipya hakuna atakayekumbuka kuirudisha.